Nilivyomshukuru Daktari kwa Upishi

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na makoti ya mitumba yakafika hadi kwetu, nje kidogo ya Iguguno, walikuja watu wa chuo kikuu kuchimba mambo ya kale katika shamba la alizeti la jirani yangu. Walichimba kiangazi chote. Siku ya kuwaaga, kijiji kikanichagua niwe msemaji, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na koti.

Nikawashukuru mmoja mmoja: kiongozi wao mwenye ndevu, waliobeba makarai ya udongo, dereva, hata gari lenyewe. Kisha nikamgeukia mama mmoja mwembamba, ambaye kila siku tulimwona nyuma ya hema akichochea moto chini ya sufuria kubwa ya mifupa. Nikasema tunamshukuru pia mama mpishi, ingawa supu yake tumeisikia harufu tu, hatukuonjeshwa.

Watu wakacheka. Nikaona nimepatia, nikaongeza kwamba labda chumvi ilikuwa haijakolea.

Kiongozi akasimama. Yeye hakuwa amecheka. Akatueleza kwamba mama yule ni mwanasayansi, daktari wa mifupa ya wanyama, na sufuria ile ilikuwa ya kusafishia mifupa ya wanyama wa siku hizi ili ailinganishe na vipande vya kale. Wao walivitoa tu shimoni. Mama ndiye aliyetambua kwamba ni vya mbuzi wala si vya swala, ndipo ikajulikana kwamba watu wa zamani wa pale walikuwa wafugaji.

"Bila yeye," akasema, "tungeondoka hapa na mashimo."

Bibi mmoja jirani yangu, asiyeacha kitu kipite, akauliza kwa sauti kama huko kidato cha nne hawafundishwi kuuliza.

Wazee wakakaa palepale. Mgeni aliyevunjiwa heshima hatulizwi kwa maneno matupu, kwa hiyo wakaamua kesho yake achinjiwe mbuzi wa heshima. Walipomuuliza angependa sehemu gani, akajibu kwamba nyama tule sisi. Yeye aliomba mifupa, yote na mizima, kwa kuwa chuoni hawakuwa na mbuzi wa kienyeji wa huku kwetu. Nikajitolea kusimamia. Nilitaka kufuta kosa langu.

Sijaona tena karamu ya huzuni kama ile. Shoka lilipigwa marufuku. Mchinjaji akatenganisha viungo kwa kisu kidogo kama fundi saa. Wazee waliguguna kwa adabu, kisha wakaiachia mifupa na kuisindikiza kwa macho, uboho ukiwa bado ndani. Mmoja akanung'unika kwamba hata mgonjwa hanyimwi hivyo. Mimi nikazunguka na beseni, nikikusanya na kukemea.

Shida ni kwamba msimamizi hula mwisho, na yeye hana wa kumsimamia. Nilikwenda nyuma ya ghala na mfupa wa mguu wa nyuma. Nilikusudia kuunyonya tu. Jiwe lilikuwa karibu.

Mama akatandika turubai, akaanza kumpanga mbuzi kuanzia kichwani: pingili za mgongo, mbavu, miguu. Tukasogea kutazama.

"Mbona huyu anachechemea?" akauliza yule bibi.

Mguu mmoja uliishia gotini. Wakamsingizia mbwa. Mwenye mbwa akakataa, akasema mbwa wake amefungwa tangu asubuhi kwa amri yangu mimi. Mke wangu akautazama mdomo wangu unaong'aa mafuta, akainamisha kichwa. Nikatoa vipande viwili mfukoni.

Mama akavipokea, akavigeuzageuza.

"Kaka, jana uliniita mpishi, nikanyamaza," akasema. "Leo sinyamazi. Waambie hawa mimi ni nani, na kazi yangu ni ipi."

Nikatoa hotuba ya pili, safari hii bila utani. Nilipokosea alinisahihisha, nami nikarudia mbele ya watu kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka jina la ule mfupa nikalitamka sawasawa. Aliporidhika akaitikia kwa kichwa. Wazee wakasimama kumpigia makofi.

Kisha akavifunga vile vipande kwa uzi, akaviweka mahali pake. Mbuzi wetu akaenda chuoni na mguu uliofungwa. Mwanangu anayeishi mji huohuo huniambia kila mara niende nikamwone mbuzi huyo. Nauli ninayo, uso ndio sina.