Taa Iliyojiwasha Konde

Mume wangu wa kwanza alikuwa fundi wa taa na majiko hapo Konde. Tulikaa pamoja miaka michache, kisha tukaachana kwa salama, kwa mambo yasiyohusiana na haya ninayoyaeleza. Mimi niliolewa kutoka Msuka. Kwetu usiku ulikuwa na koroboi na mwezi tu, kwa hiyo Konde, na maduka yake yenye karabai, niliiona ni mji mkubwa.

Kibanda chake kilielekeana na msikiti, karibu na pale gari za abiria za Wete zilipokuwa zikisimama. Watu walimletea karabai zilizoziba, saa za ukutani zilizogoma, baiskeli, hata mashine za kushonea. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya kibanda. Nikikaa ukumbini mlango ukiwa wazi, niliwaona watu wakitawadha. Mama yake tulikaa naye. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Vitongoji, aliyefunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima tangu ujana wake. Siku niliyoingia nyumbani kwake aliniita mwanangu, na baada ya hapo hakuwa na maneno mengi nami. Hatukugombana hata siku moja.

Mbele ya msikiti palikuwa na nguzo yenye taa ya gesi. Chini yake lilikaa tangi la mawe ya kabaidi, yale mawe ya kijivu yanayotoa gesi yakidondokewa na maji. Harufu yake ilikuwa kama ya kitunguu thomu kilichooza, na nguo za mume wangu hazikuachana nayo hata nikizifua vipi. Gesi ilipanda kwa bomba jembamba mpaka juu. Kila Magharibi mume wangu aliegemeza ngazi, akapanda, akafungua kilango cha kioo, akafungulia gesi na kuwasha kwa kiberiti. Watu wakishatawanyika baada ya Isha, alipanda tena kuizima. Hakuna aliyemtuma. Aliifanya kazi hiyo kwa kutaka thawabu, na nadhani pia kwa kuwa taa ile aliiunda mwenyewe.

Kaka yake alikuwa baharia, mchochea moto katika meli kubwa. Mwaka mmoja alirudi likizo na kifurushi kizito kilichofungwa kwa gunia. Ndani yake mlikuwa na sanduku la chuma, na ndani ya sanduku saa, betri, nyaya zilizoviringwa kama uzi kwenye kibiringo, na kibilauri kidogo cha shaba cha kupitishia gesi.

"Huko Ulaya wanang'oa taa za gesi barabarani waweke za umeme," alisema shemeji. "Masanduku haya nimeyakuta yamerundikwa uani kama vifuu. Nikakukumbuka wewe."

Mume wangu alilikalia sanduku lile kwa wiki kadhaa. Akila, liko mbele yake. Mwisho alinieleza, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumweleza. Saa ikifika mahali alipoiwekea kijiti, umeme wa betri hupita kwenye waya, waya hugeuka sumaku, na sumaku huvuta chuma kinachofungua gesi. Papo hapo cheche huruka kwenye mdomo wa taa na moto hushika. Saa ikifika kwenye kijiti cha pili, chuma huvutwa upande wa pili, gesi hufungwa, taa huzimika. Saa yenyewe ilikuwa ya Kizungu, lakini yeye aliigeuza ifuate hesabu yetu, jua likizama ni saa kumi na mbili.

"Na wewe utakuwa unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nitasali rakaa ya mwanzo pamoja na wenzangu," alisema. "Sijaipata tangu niiweke taa ile."

Alilifunga sanduku juu ya nguzo, na siku ya kuijaribu watu walijaa barazani. Wachukuzi waliteremka garini, na wauza samaki wa Msuka waliacha matenga yao. Taa ilijiwasha yenyewe kwa mlio mdogo kama wa mtu anayepasua ukucha. Watoto walipiga kelele. Mtu mmoja alisema ni sihiri, wenzake wakamcheka.

Shehe wetu alikuwa mtu wa makamo, aliyesoma Unguja, mpole ila hapitwi na neno. Aliitazama taa, akamtazama mume wangu.

"Nani kaiwasha?"

"Saa, Shehe."

"Na saa anaitia ufunguo nani?"

"Mie."

"Basi aliyewasha ni wewe," alisema, akaingia msikitini.

Watu walicheka tena. Mume wangu naye alicheka.

Miezi ilipita na taa ikazoeleka. Ikaingia Ramadhani, na mwaka ule Ramadhani iliangukia katika masika. Wakati huo misikiti yetu haikuwa na vipaza sauti. Mwadhini alisimama mlangoni, mkono sikioni, na siku ya mvua kubwa sauti yake haikufika mbali, kwa sababu mapaa ya bati yaliizima. Bila ya mtu kuamrisha, watu wa barabara ile wakaanza kuitegemea taa. Wanawake tulikaa na futari mbele yetu, macho mlangoni. Ikiwaka, tunafuturu. Jirani mmoja, mama mwenye kukaanga kaimati za kuuza, alikuwa akitupigia ukelele ukutani, "Imewaka!" nasi tunamwitikia kwa bismillahi.

Mama mkwe wangu alikuwa na homa siku zile, na kifua kilimbana. Mwanawe alimsihi asifunge.

"Mama, mgonjwa ana ruhusa. Utalipa ukipona."

"Nikipona lini?" alisema. "Niache nifunge ninachokiweza."

Siku yenyewe mvua ilianza baada ya Adhuhuri na haikupumzika. Ndani palikuwa na giza, mpaka nilipika kwa mwanga wa jiko. Nilikuwa na majimbi ya nazi na uji wa pilipili manga, na tende kwenye kisahani. Nilimkalisha mama ukumbini, nikamfunika kanga mabegani. Mara barabara ikapata mwanga.

"Imewaka?" aliniuliza. Macho yake hayakuwa mazuri.

"Imewaka, Mama."

Jirani naye alipiga ukelele wake. Nilimpa mama tende na maji, nikala tende yangu, nikaanza kuteka uji. Ng'ambo ya barabara niliwaona wenye maduka wameinamia masinia yao.

Haukupita muda mrefu mvua ikakatika, kama mtu aliyefunga mfereji. Wingu likafunguka upande wa magharibi, na jua likatoka. Haukuwa wekundu wa jua lililozama. Lilikuwa jua lenyewe, zima, juu ya mapaa, na ukuta wa msikiti ukawa wa manjano. Taa ilikuwa inawaka katikati ya mwanga ule, haina kazi.

Mama aligeuza uso kulielekea joto. Aliliona hata kwa macho yale. Akatia vidole mdomoni, akatoa tende aliyokuwa akiitafuna, akaiweka ukingoni mwa kisahani. Nami niliirudisha kata kwenye chungu cha uji, nikakifunika.

Nje kelele zilikuwa zimeshaanza. Mume wangu alikuwa msikitini akisoma Kurani akingojea adhana, na alitoka mbio na ngazi begani. Alipofungua sanduku maji yalichuruzika mpaka kwenye kiwiko chake. Mvua ilikuwa imepenya kwenye tundu la waya, ikaziunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kugusana. Saa haikuwa na kosa. Ilikuwa bado haijafika kwenye kijiti.

"Yakhe, umetufuturisha mchana!" alipiga kelele muuza duka mmoja, na sikujua kama anacheka au anataka kulia.

"Mie nimekula samaki mzima," alisema mwingine. "Samaki mzima na mkate wake!"

Mzee mmoja alikuwa ameshika fimbo, anataka kulivunja sanduku. Wenziwe walimzuia. Mume wangu alibaki juu ya ngazi, amelishika kwa mikono miwili, hashuki.

Shehe alitoka. Walimpisha njia.

"Aliyekula akidhani jua limezama hana dhambi," alisema. "Lakini siku yake imeharibika. Ajizuie toka sasa mpaka Magharibi, na baada ya Idi alipe siku nyingine. Basi. Haya, teremka wewe, utaanguka."

Jua lilipozama kweli, mwadhini aliadhini kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake. Nilirudisha chakula mbele ya mama. Alikunywa uji kidogo. Mume wangu alikunywa maji tu, akasema hana njaa.

Kesho yake, baada ya Alasiri, alivaa kanzu safi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nilimuuliza anakwenda kusema nini, na Shehe ameshasema hakuna dhambi.

"Hakuna dhambi kwa waliokula," alinijibu. "Aliyewasha ni mie. Si Shehe mwenyewe alisema?"

"Alisema kwa mzaha."

"Nami nilicheka," alisema.

Wengi walimsamehe kabla hajamaliza maneno, na baadhi yao walimkaribisha kwa utani, wakamwambia siku ile ndiyo pekee waliyofuturu bila ya njaa. Mzee mwenye fimbo alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia amesikia, akafunga mlango. Mama wa kaimati alimlilia, maana alijiona yeye ndiye aliyepiga ukelele. Mume wangu alirejea nyumbani akiwa na bakuli la kaimati na hajui la kulifanya.

Suala la sanduku lilizungumzwa barazani baada ya sala. Wako waliotaka litupwe. Wako waliosema lizibwe vizuri kwa lami lisiingie maji tena. Miaka ile watu walikuwa wameshaanza kugawanyika kwa mambo ya siasa, na niliambiwa kuwa hata katika hili wapo waliotazama kwanza nani kasema nini ndipo waseme kinyume. Mwishoni aliulizwa Shehe.

"Kuwasha kumeshikamana na ibada za watu," alisema. "Taa iwashwe kwa mkono wa mtu anayeliona jua. Kuzima kunamdhuru nani? Sanduku liachieni lizime."

Ikawa hivyo. Mume wangu alikata waya wa cheche, akatoa kijiti cha kuwashia, akakiacha cha kuzimia. Jioni alirudi kupanda ngazi na kiberiti chake, na rakaa ya mwanzo ikaendelea kumpita. Baada ya tarawehe sanduku liliizima taa peke yake, na watu walikwenda makwao bila ya kugeuka kuitazama. Ilikuwa hivyo mpaka betri zikachoka, na za namna ile hazikupatikana Wete wala Chake. Baada ya hapo kuzima nako kukarudi mkononi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Homa ya mama ilizidi, na siku za mwisho za Ramadhani hakuzifunga tena. Idi ilimkuta kitandani. Nilimvisha kanga mpya, wajukuu wa jamaa zake wakaja kumpa mkono, akawatia udi. Nilipokuwa nikimkanda miguu aliniambia:

"Ninazo siku za kulipa. Nikiinuka, nitaanza na ile ya mvua."

"Kwa nini ile, Mama?"

"Zile nyengine nilijua sikufunga," alisema. "Ile nilidhani ninayo."

Hakuinuka. Alifariki Mfungo Mosi, mwezi ule ule wa Idi, asubuhi, mwanawe akimshika kichwa. Tulimzika siku ile ile. Walikuja watu wa Vitongoji kwa gari, na watu wa barabara yetu wote, hata mzee wa fimbo, aliyelishika jeneza tangu mlangoni mpaka makaburini.

Baada ya hitima mume wangu alimfuata Shehe. Nilikuwa nyuma ya mlango nikikusanya vyombo, nikawasikia.

"Nimlipie mama ile siku?"

"Hakupata nafuu ya kuilipa," alisema Shehe. "Hadaiwi kitu. Na wewe hudaiwi."

"Nikitaka?"

"Ukitaka, mfungie," alisema Shehe. "Lakini usiifanye kuwa deni. Hapana deni."

Aliifunga siku ya Alhamisi. Aliniamsha tule daku pamoja ingawa mimi sikuwa nafunga, kisha akenda kibandani kama kawaida, akazibua karabai za watu. Sikumwona akilia siku ya mazishi, wala siku hiyo. Mimi nilimpikia ndizi mbichi za nazi na samaki wa kukaanga. Hakukuwa na mvua. Uwingu ulikuwa mweupe, na jua lilishuka taratibu nyuma ya minazi ya magharibi.

Alikuja akakaa ukumbini mahali pa mama, miguu ameikunja, sinia mbele yake. Mwadhini aliadhini, na kila mtu alimsikia. Mume wangu hakunyoosha mkono.

"Limezama?" aliniuliza.

"Si unasikia adhana?"

"Toka nje ukaniangalilie."

Nilitoka hadi barabarani, nikatazama. Nilirudi nikamwambia limezama, nimeliona kwa macho yangu. Akala tende moja, akanywa maji. Kisha akavuta sinia na kuonja mchuzi, akasema chumvi imezidi kidogo, akala mpaka akamaliza.