Nilijibu "Oui" Bila Kusoma, Dada Faida Akabeba Lawama

Makosa ni yangu. Nasema hivyo kwanza, mbele moyo uanze kunitafutia sababu.

Mimi ni secrétaire, karani wa sekondari moja huku Kalembe. Batu wananiita Papa Secrétaire. Mu biro tulikuwa wawili tu: mimi na Dada Faida, mwalimu wa informatique, masomo ya kompyuta, mutoto wa Hombo. Yeye njo aliweka Linux, programu yenye kuendesha kompyuta yote, mu mashini yetu ya zamani, akanifundisha polepole, na hakunicheka hata siku moja. Saa sita tulikuwa tunakula pamoja, maharagi yake na maziwa yangu. Mimi ni mujane. Ile saa moja njo ilikuwa furaha yangu yote.

Siku moja mama yake akagonjwa, Faida akashuka Hombo. Akaniambia: "Papa, mise à jour, ile ya kuweka système yote mupya, usiiguse. Ile programu ya imprimante, mashini ya kuchapisha karatasi, tuliweka iko ya zamani, itagombana na vitu vipya. Ungoje nirudi."

Nikaitika. Lakini wapi! Siku ya pili koneksio ya internet ikawa nzuri, na mashini ikaandika kama version mupya iko tayari. Nikawaza: mimi mutu muzima, nitangoja mutoto wa juzi mupaka lini? Nikabonyeza.

Ikakataa. Ikasema paquets, vipande vya programu, ziko zinagombana, moja inataka ya zamani, ingine inataka mupya. Badala ya kuacha, nikatafuta ku internet namna ya kulazimisha. Mashini ikanionyesha liste ndefu ya vitu vyenye itaondoa, ikaniuliza kama nakubali. Sikusoma. Nikaandika "oui". Eh Mungu wangu!

Nilipoiwasha tena, hakuna picha, hakuna dirisha. Ekra nyeusi na maandishi meupe tu. Na dossier za finalistes wetu wote, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, zilikuwa mule, zilipaswa kwenda Masisi kwa ajili ya mitihani ile wiki!

Préfet, mukubwa wa shule yetu, akaingia. "Nani ameharibu mashini?"

Nikasema: "Préfet, njo ile Linux ya Dada Faida. Nilijua itatuletea matatizo."

Hakuna mutu alinilazimisha. Kinywa changu njo kilisema!

Faida alirudi kwa pikipiki, matope mupaka magoti. Préfet akamukaripia mbele ya walimu wote, akamuambia contrat yake ya kazi haitaendelea. Faida akakaa mbele ya mashini, akafungua journal, pale mashini inaandika kila kitu kilichofanywa, siku na saa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Tukasoma pamoja. Siku yenye yeye alikuwa Hombo. Saa tisa ya muchana.

Akageuka. "Papa, uko na neno?"

Préfet alikuwa pale, anatuangalia.

"Hapana," nikasema.

Akaniangalia kidogo, akafunga journal. Hakumuonyesha Préfet. Akaondoa ile programu ya imprimante, akarudisha vitu kimoja kimoja. Mbele ya jua kuzama picha ikarudi, na dossier zote zilikuwa nzima. Hakuna hata moja iliyopotea! Akachukua sahani yake mu biro, akaenda, hakurudi tena.

Kisha miezi miwili nikajikaza, nikamuambia Préfet ukweli. Akacheka. "Papa Secrétaire, si mashini inatumika? Acha ile mambo."

Nikamupigia Faida simu. Akaitika kwa heshima, kama zamani. Nikalia, nikaomba musamaha.

"Nilishakusamehe, Papa," akasema. "Lakini ile siku nilikuwa nangoja neno moja tu."

Tangu hapo sijapiga tena. Nitasema nini? Nakula peke yangu, maziwa bila maharagi. Kuna siku mashini inaandika kitu sielewi, nageuka kuuliza, kiti kiko tupu. Hata walimu wengine, tangu wasikie nilichofanya, wanaingia, wanachukua karatasi, wanatoka. Siwalaumu.

Ninyi wenye munasoma, nawaomba. Mashini ikiwaonyesha liste, musome mupaka mwisho mbele ya kujibu. Na kama mumeharibu, museme ile ile saa! Hata kama mukubwa njo amesimama pale, hata kama sauti inatetemeka. Museme wakati mwenzenu angali amekaa pale, anawangoja.