Safi na Fifi katika Ghala la Pamba

Nitaanza kwa kutenga niliyoyashuhudia na niliyoyasikia tu. Nimesikia kwamba mwanamuziki aliyeligeuza ghala letu la zamani la pamba, kwenye njia ya Malaba kwenda Angurai, kuwa ukumbi wa sanaa alifariki ghafla usingizini. Nimesikia pia uvumi wa uchawi. Huo nawaachia wanaousambaza. Nililoshuhudia ni jeneza lake, na udongo niliolitupia kwa mkono wangu.

Ghala ni mali ya chama cha wakulima, ambacho kingali na wanachama ingawa pamba imetoweka mashambani. Mimi, mwalimu mstaafu, ni mmoja wao. Tulimpangisha marehemu kwa majaribio, akaleta mitambo yake ya muziki wa kielektroniki. Kisha mfanyabiashara mmoja akaliomba jengo ahifadhi saruji. Mkutano wa wanachama ndio ungeamua. Marehemu alijua kwamba hatima ya ukumbi imo mikononi mwa wazee wasioupenda muziki wake.

Hakutubembeleza. Alitualika kila Jumamosi alasiri tufanye kazi tuliyoizoea. Zamani, kabla ya kufika mizani, mkulima aliitandaza pamba yake na kuichambua: nyeupe isiyo na doa iliitwa safi, iliyochafuka au kuliwa na wadudu iliitwa fifi. Sasa vijana wa ukumbi wakatutandazia sauti walizotengeneza, moja baada ya nyingine, nasi tukazichambua. Bibi mmoja wa Kiteso, aliyekuwa mkulima hodari enzi zile, hakuwa na huruma. Sauti moja nzito ilipotikisa mabati, alimgeukia marehemu.

"Hii ni fifi, kijana wangu. Inanguruma kama lori imekwama Malaba, haiendi Uganda, hairudi Nairobi."

"Lakini Mama, lori zikikwama si ndio nyinyi mnauza chakula?"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi weka kando. Hata fifi ilikuwa inanunuliwa. Lakini punguza, moyo yangu ni moja."

Kila wenzangu walipoondoka, marehemu alinimiminia chai na kuniuliza, "Na wewe, Mwalimu, unasemaje?" Nilimwambia kila mara kwamba kelele ile sikuielewa. Alitaka kujua ni wapi hasa nilipoanza kutoielewa, akairudia sehemu hiyo. Tangu mke wangu afariki, sikuwa na mtu mwingine wa kuniuliza jambo kisha akangoja jibu.

Sisi watu wa mpakani tumezoea kutazama vinavyopita. Pamba ilitulazimisha kuketi mahali pamoja na kubishana, na ilipokwisha tuliomboleza mapato peke yake. Jengo mkutano unaweza kuliokoa. Kinachowavuta watu waje kuketi ndani yake hakipigiwi kura.

Mkutano ulifanyika juma lililofuata mazishi, nami nilikuwepo. Bibi yule alikuwa wa kwanza kuinua mkono kuutetea ukumbi, wazee wengine wakamfuata, na mwenye saruji akaondoka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema. Mlango ulikuwa wazi, mitambo imewashwa, viti vimepangwa safu mbili kama kawaida. Vijana walitandaza sauti zao zote. Niliketi mpaka walipoanza kukunja nyaya, na katika viti vile hakuketi mzee mwingine ila mimi.