Juisi ya Embe Yenye Chumvi, Mjini Baní

Baba aliniambia anashuka kukojoa. Kitu cha mwisho nilichokiona ni mgongo wake na kofia yake ya majani vikikata kona nyuma ya kituo cha mafuta pale Baní.

Basi likapiga honi. Likapiga tena. Abiria wakaanza kuguna.

"Binti, baba yako kalala huko chooni?" dereva akaniuliza.

Nikaenda kugonga. Kimya. Nikasukuma mlango.

Choo kitupu.

Naitwa Yokasta. Baba yangu, mzee Eligio, ana kisukari. Sio kile cha kupunguza soda tu, ni kile cha sindano asubuhi na jioni. Na sindano zote zilikuwa kwenye pochi yangu.

Tulitoka La Vega alfajiri, tunakwenda Barahona kwenye harusi ya binamu yangu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu tumzike mzee alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama. Anafungua friji, anaifunga. Anaanza kusema jambo, analiacha hewani.

Kwa hiyo nilipoona choo kitupu, akili yangu ilikwenda kubaya moja kwa moja.

"Nendeni tu," nikamwambia dereva. "Mimi nabaki."

Basi likaondoka na begi letu, nguo za harusi zikiwa humo humo.

Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha juisi. Mama mmoja mnene alikuwa anamenya nanasi.

"Mama samahani, hujamwona mzee mwenye kofia ya majani?"

"Nimemwona, na sina hamu naye." Hata kisu hakukiweka chini. "Kaagiza batida ya embe. Nimemsagia vizuri, maziwa ya kutosha, barafu. Kaonja kidogo tu, kanikazia macho kama mimi nimemwibia, kalipa, kaondoka. Glasi ile pale. Sasa nimpe nani?"

Glasi ilikuwa imejaa karibu mpaka juu.

"Kaelekea wapi?"

"Kwenye kibanda kingine. Labda huko watamridhisha."

Nikatoka mbio.

Jua la Baní halina masihara. Mzee hajala tangu asubuhi, dawa ya asubuhi iko mwilini, na anazunguka mji anaonja juisi. Nilikuwa namwona kabisa kaanguka mahali, watu wamemzunguka, wanasema mlevi huyo, mwacheni alale.

Kibanda cha pili alikuwepo kijana, redio ameifungulia mpaka mwisho. Ilibidi nipige kelele.

"Mzee wa kofia?" akacheka. "Yule ana masharti kuliko mganga. Anataka embe, maziwa, chumvi kidogo, halafu ganda la ndimu likwaruzwe juu. Nikamuuliza, mzee, chumvi kwenye juisi ya nini? Akasema basi, acha. Hata hakunisubiri nisage."



Embe, maziwa, chumvi kidogo, ganda la ndimu. Hiyo ilikuwa juisi ya mama. Sijawahi kuinywa popote isipokuwa jikoni kwetu.

Nikajisemea, mzee wangu amekwisha. Anamtafuta marehemu kwenye vibanda vya watu.

Kumbe bado sijasikia lolote.

Kibanda cha tatu, dada aliyekuwa anaosha glasi aliniangalia kwa huruma kidogo.

"Kaniuliza kama nimelelewa na bibi," akasema. "Nikamwambia hapana, nina mama yangu, yuko nyumbani anatazama tamthilia. Akauliza kama namjua mwanamke yeyote anayeuza juisi, wa miaka arobaini na kitu, aliyelelewa na bibi yake. Nikamwelekeza kwa Nurys, karibu na uwanja wa besiboli." Akaiweka glasi chini. "Samahani, kwani ni nani yake?"

Kichwa kilikuwa kimeshapata moto.

Mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Mimi nina thelathini na nane.

Yaani mzee ana mtoto wa nje. Mama yangu hata mwaka na nusu hajamaliza kaburini, yeye ananidanganya anakwenda kukojoa, kumbe anamtafuta mwanawe. Tena anamtafuta kwa juisi ya mama yangu.

Nikadaka bodaboda. "Uwanja wa besiboli, fasta."

"Kuna mechi leo?" dereva akauliza.

"Itakuwepo."

Nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, mbele ya kibanda kilichopakwa rangi ya bluu. Kofia ameiweka gotini. Glasi iko mkononi na alikuwa anainywa kweli kweli, taratibu, huku machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

Nikampokonya.

"Baba, unataka kufa?"

"Keti, mwanangu."

"Siketi. Yuko wapi huyo mwanao?"

Mwanamke aliyekuwa anakata embe ndani ya kibanda akaacha kukata.

Baba akajifuta uso kwa kofia. "Sio wangu," akasema. "Ni wa mama yako."

Nilibaki nimesimama na glasi mkononi kama mhudumu.

Akanieleza pale pale, kwa sauti ndogo, yule mwanamke akisikiliza. Mama alizaa akiwa msichana wa shule, hapa Baní. Mama yake akamnyang'anya mtoto, akampeleka yeye La Vega kufanya kazi za ndani, akamwambia asirudi kuwaaibisha. Baba alimuoa bila kujua. Miaka yote hakujua.

Alijua hospitalini, siku za mwisho za mama. Kiharusi kilikuwa kimemfunga mama ulimi, kila neno analitoa kwa jasho. Alimshika baba mkono akasema Baní. Akasema mtoto. Akasema bibi. Halafu akasema embe, chumvi, ndimu, akarudia, mpaka baba akaelewa kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Juisi ile ilikuwa ya nyumba yao. Atakayeisaga bila kuuliza maswali, ndiye.

"Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa siri yake. Niliona sina haki ya kuigawa kabla sijampata huyo mtoto mwenyewe."

Nikageuka kumwangalia yule mwanamke. Nurys. Alikuwa na paji la uso la mama. Vidole vya mama.

Alitia embe kwenye blenda, akaiwasha, akaiacha inanguruma. Ikanguruma na kunguruma, embe limeshakuwa maji, yeye ametupa mgongo. Tulisubiri. Hakuna aliyeweza kusema chochote juu ya kelele ile, na nadhani ndicho alichotaka.

Alipoizima, akasema, "Mimi niliambiwa mama yangu yuko New York, kaolewa na Mmarekani, hataki mtu."

Nikatoa simu. Nikamwonyesha picha ya mama, ile ya sikukuu yake ya mwisho ya kuzaliwa.

Akaitazama. Akaisogeza karibu. Halafu akavuta stuli, akakaa.

"Huyu mama namjua," akasema. "Ni mteja wangu."

Baba akainua kichwa.

"Anakuja kila mwaka msimu wa maembe. Anakaa hapo hapo ulipokaa wewe, mzee. Anaagiza hii hii. Mara ya kwanza nilimuuliza, umeijulia wapi, mbona hii ni ya bibi yangu? Akasema aliionja zamani, kwa watu. Nikamwamini."

Nikahesabu kimoyomoyo. Msimu wa maembe ndio kila mwaka mama alikuwa anakwenda mji mkuu kwa daktari wa macho. Hakutaka kusindikizwa. Alikuwa anarudi macho mekundu, na sisi tunasema ni ile dawa ya matone.

"Mwaka mmoja mvua ilinyesha, hakuna wateja," Nurys akaendelea. "Akaniambia, nywele zako zimefumuka, njoo hapa. Akanisuka mpaka mvua ikakatika. Nikajiuliza, mama wa watu ana moyo gani huu."

Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Mwaka jana hakuja. Nikadhani amepata kibanda kizuri zaidi."

Baba akafunika uso.

Nitasema ukweli, mimi nilisikia wivu kwanza. Huruma ilikuja baadaye. Nilikuwa nawaza, sisi tuliobaki nyumbani tulipewa mama wa aina gani, na huyu wa mara moja kwa mwaka alipewa yupi.

"Alinituma," baba akasema. "Alitaka upatikane."

"Alikuwa ameshanipata." Nurys hakupandisha sauti. "Alikuwa anakaa hapo, ananitazama, ananiuliza habari za watoto. Alishindwa kusema neno moja. Sasa mnataka mimi niseme nini?"



Akamkagua baba. "Mzee rangi yake siipendi. Kala?"

Akapakua wali na maharage kutoka kwenye sufuria yake mwenyewe, akamwekea mbele. Nikampima mzee sukari, akala. Hatukuzungumza tena mambo makubwa. Harusi ilitupita, na hakuna aliyeitaja.

Tulipoagana hakutukumbatia. Aliniuliza tu, "Mmemzika wapi?"

Nikamwandikia njia ya kufika kwetu La Vega kwenye simu yake.

Ilipita miezi, nikawa nimeshakata tamaa. Jumamosi moja nikamkuta amesimama mlangoni kwetu La Vega na mkoba mdogo. Akaomba aelekezwe makaburini, akaomba asifuatwe. Alirudi jioni, magoti yamejaa udongo, sauti imekauka kabisa.

"Nimemgombeza," akaniambia. Akaomba maji ya kunywa, akalala chumbani kwangu hadi saa nne asubuhi.

Hatujawa wale ndugu wa kupigiana simu kila siku. Kuna siku anapiga, tunasikilizana tukipumua, anakata. Nimezoea.

Ninachotaka kukuachia wewe uliyesoma mpaka hapa ni kimoja. Kama kuna mtu unapita kumtazama kwa mbali ukijifanya mpita njia, mwambie wewe ni nani. Unaweza kudhani unamwepusha na maumivu. Siku atakapojua ataumia vile vile, halafu ataanza kuzikumbuka siku zote ulizokaa mbele yake, moja baada ya nyingine, na hatakuwa na wa kumuuliza.