Aliyenichezea Balei Momela

Naomba hili lieleweke mapema: mimi si mtu wa majini. Nimezaliwa Machame, nimebatizwa Kilutheri, na kwetu mlimani tulizoea kusema majini ni mambo ya Tanga na pwani huko, huku kwetu baridi imewafukuza. Tena ningekuwa natunga, ningetunga kitu chepesi kuaminika. Nani akae atunge habari za jini na balei, Arusha hii? Lakini yalinipata, akili zangu zikiwa timamu, na nayasimulia kama yalivyokuwa.

Kwanza hiyo balei. Ni ile dansi ya Wazungu ya kusimama kwa ncha za vidole. Niliiona mara ya kwanza nikiwa msichana, nasomea upigaji chapa Dar es Salaam. Ubalozi mmoja ulikuwa ukionyesha sinema bure, na wenzangu walikwenda kwa sababu ya feni za ukumbini. Walicheka mpaka mwisho. Mimi sikucheka. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeitwa jina lake.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikahamia Arusha. Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa, na mimi nikaacha kazi ya ofisini nikauza mitumba soko la Kilombero. Wengi wanakumbuka ruksa kwa sukari na vitenge. Mimi naikumbuka kwa video. Mwenye duka moja la kanda mjini alikuwa akiniwekea kila kanda ya balei iliyopotea njia ikafika kwake, maana hakuna mwingine aliyezitaka. Ndani ya miaka michache nikawa nawajua wachezaji wa dunia nzima kama watu wengine wanavyojua timu za mpira. Warusi niliwatambua kwa migongo. Wakuba walikuwa wakizunguka, kisha wanasimama palepale kama msumari. Waingereza walikuwa na mikono ya adabu. Jioni, nyumbani Lemara, watoto wakishalala, nilikaa mbele ya televisheni na kubishana na wachezaji peke yangu.

Lakini kanda ina upungufu mmoja. Muziki unafunika kila kitu. Husikii miguu ikitua, husikii mtu akihema. Nikawa na hamu hiyo tu, niamini: kabla sijafa, nimsikie mmoja wao akitua.

Basi mwaka mmoja kundi kubwa kutoka Ulaya likaja kucheza Nairobi. Nilijiandaa tangu mapema, lakini hati yangu ya kusafiria ilichelewa, wakacheza mimi nikiwa Lemara. Sikula siku hiyo. Siku ya pili yake Anaeli, binti wa mama yangu mdogo, akanipigia simu dukani kwa jirani. Alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii kule Momela.

"Dada, wale watu wako wa vidole wanakuja huku kupumzika," aliniambia. "Ijumaa na Jumamosi. Meneja anasema Jumamosi asubuhi watafanya mazoezi kwenye ukumbi wa chakula. Njoo ulale kwangu."

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa anakula niliposema nakwenda.

"Momela? Kutazama Wazungu wakiruka?"

"Ndiyo."

"Na watoto?"

"Watoto wana baba."

Alitafuna kwanza. "Mama Neema, wewe ungekuwa unakwenda mkutano wa injili kwa bidii hii, sasa hivi ungekuwa askofu." Kisha akaniletea koti lake zito, kwa sababu ilikuwa Julai.

Nilibeba na kiatu. Siku moja nilikuwa nimefungua robota la viatu, nikakuta kimoja tu cha balei, cha hariri ya pinki, ncha yake ngumu kama kibao. Wenzangu sokoni walikigombania kwa kicheko, nikakichukua. Nilitaka mchezaji mmoja anitilie sahihi.

Kutoka Usa River nilipata lifti kwa Mzee Mbise, Mmeru aliyekuwa akipeleka mboga hotelini kwa pikapu. Tuliondoka alasiri, lakini yule mzee alisalimiana na kila aliyekuwa na mkono wa kupunga. Jua lilikuwa linazama nyuma ya Meru tulipoingia upande wa maziwa, na hapo tairi likapasuka. Akafungua nyuma ya kiti: jeki hakuna.

"Narudi kule kwenye nyumba za nyuma nikaazime," akasema. "Wewe kaa ndani ya gari, mama. Hapa kuna nyati."

Nikakaa. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, taa za hoteli zikaonekana mbele kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Ndipo niliposikia piano. Ilitoka upande wa ziwa, mwanana, ule muziki wa mazoezi ambao wachezaji huanzia. Nikasema, wameanza leo, hawakungoja Jumamosi, na mimi nimefungiwa kwenye gari la kabichi. Sasa nihukumu: ungekaa?

Nilishuka na kiatu changu mkononi. Njia ya miguu iliteremka hadi kwenye kiwanja cha nyasi fupi kando ya maji. Heroe, wale ndege wa pinki, walikuwa wamejaa ufukoni, na hakuna hata mmoja aliyelia. Na katikati ya nyasi alikuwapo yeye.

Alikuwa amevaa nguo nyeupe, nywele amezifunga nyuma. Mrefu, shingo ndefu. Alikuwa amesimama kwa vidole vya mguu mmoja, mwingine umeinuka nyuma yake, mkono mbele. Nikangoja ashuke, maana hakuna anayeweza kukaa hivyo muda mrefu. Hata Mkuba bora huyumba, huonekana kifundo kikitetemeka. Huyu hakutetemeka. Machozi yalinitoka kabla sijajua kwamba nalia.

Akaanza kucheza. Sitaweza kukueleza, na sitajaribu sana. Kila kitu nilichowahi kubishana nacho kwenye televisheni alikifanya kama nilivyotaka. Nilipowaza, sasa azunguke, alizunguka. Nilipowaza, apunguze mwendo, alipunguza. Mgongo wa Kirusi, mizunguko ya Kikuba, mikono ileile ya adabu. Niliketi kwenye nyasi bila kuamua kuketi. Piano haikuonekana popote, na wala sikujiuliza.

Alinikaribia, akasimama mbele yangu, na akasema nami kwa Kimachame. Si hiki chetu cha sasa kilichochanganyika na Kiswahili. Kilikuwa cha bibi yangu, chenye maneno ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasahau.

Aliniambia, "Umechelewa sana kuja."

Nikamwambia, "Gari liliharibika." Ndivyo nilivyojibu. Mtu akishangaa kupita kiasi hujibu kama aliyeulizwa saa.

"Tazama mpaka mwisho," akasema. "Nacheza kwa ajili yako peke yako. Ukimaliza kutazama, hutataka tena kumtazama mwingine."

Nikakumbuka kiatu. Nikapiga magoti, nikakinyoosha mbele, na kwa kuwa nilikuwa chini pale, nikaiona miguu yake kwa karibu. Hakuwa amesimama kwa vidole. Hakuwa na vidole. Chini ya kile kifundo cha mguu nilichokuwa nikikisifu palikuwa na kwato, nyeusi, iliyopasuka katikati, safi kama imeoshwa. Nyasi chini yake hazikulala.

"Sivai viatu," akasema, na akatabasamu kwa upole kabisa.

Na hapo akili ilinirudia, tena haikurudi kwa njia ya hofu. Ilirudi kwa njia ya balei. Kulikuwa na baridi, pumzi yangu ilikuwa ikitoka kama moshi wa kuni mbichi. Yeye alikuwa amecheza muda wote ule, na mdomoni mwake hapakutoka hata unyuzi wa mvuke. Hakuhema. Aliruka juu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na mara zote hizo sikusikia mguu ukitua. Nilikuwa nimekaa pale nikitazama kanda nyingine.

Akarudi nyuma, muziki ukapanda. "Inuka basi, nikufundishe," akasema. Na kisigino changu cha kushoto kikaanza kuinuka chenyewe. Hakikuuma. Kilikuwa chepesi, kitamu, kama unapovutwa usingizini. Nikauona na mguu wa kulia unataka kufuata. Nikaukandamiza chini kwa mikono yangu miwili, nikaushindilia kwenye udongo kama mtu anayepanda mgomba.

"Sikukujia wewe," nikamwambia. "Nimekuja kuona watu."

Alikuwa anaanza kuzunguka. Nimekwisha kukwambia mapenzi yangu kwa mambo haya. Jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, na nimezaa watoto watatu, lilikuwa kumgeuzia mgongo katikati ya mzunguko ule bila kuona alivyoumaliza. Nikageuka. Nilitaka kuomba, lakini Baba Yetu ikakwama kwenye "jina lako litukuzwe", ikarudia hapo hapo kama kanda iliyoliwa na mashine. Nikaacha kuomba, nikatembea tu. Nyuma yangu piano ilicheza vizuri zaidi, kisha zaidi. Sikugeuka. Kiatu nilikiacha palepale.

Nilifika hotelini nikichechemea. Anaeli alikuwa nje na mlinzi wa geti, mtu mzima wa Kimeru, na Mzee Mbise ambaye alisharudi na jeki na kukuta gari tupu na alikuwa karibu kulia. Nilipowaeleza, Anaeli aliziba mdomo kwa kanga. Mlinzi aliniuliza jambo moja tu.

"Ulitazama mpaka mwisho?"

"Hapana."

"Basi utaishi." Akaendelea: "Kwa kila mtu huja na kile anachokipenda. Baba yangu mdogo alioneshwa ng'ombe. Wazuri, alisema, hajaona mfano. Alitazama mpaka wote wakapita. Tulimrudisha nyumbani mzima, lakini hakutaka tena kuona ng'ombe wake, wala mke, wala chakula. Chakula kiko mbele yake, yeye anatazama ukutani. Hakumaliza msimu."

Anaeli akaniambia, "Dada, asubuhi na mapema nikutafutie gari urudi Lemara."

"Sirudi," nikasema. "Sikuja huku kuona jini. Kesho nakaa kwenye ukumbi ule."

Na nilikaa. Anaeli alinipa aproni ya hoteli, nikasimama karibu na mlango wa jiko na sinia mikononi. Wakaingia, wembamba, wamechoka, na masweta yaliyotoboka viwikoni. Mmoja ana mafua. Vidoleni wamefunga plasta. Walisogeza meza wenyewe, wakashika viti badala ya vyuma vyao vya kujishikizia, mzee mmoja akawahesabia kwa kupiga makofi. Hapakuwa na piano. Msichana wa mbele aliruka, na alipotua mbao za sakafu zililia, du, vikombe vyote kwenye sinia langu vikagongana. Akakosea. Akatukana kidogo kwa lugha yao, akajifuta jasho kwa mkono wa sweta, akarudia. Alikuwa akihema kama mtu aliyepanda kilima na ndoo ya maji. Niliisikia pumzi yake kutoka kule mlangoni.

Nililia tena, lakini kilio hiki nilijua kwamba nalia. Yule msichana aliniona, akaja baada ya mazoezi, akanishika bega kwa mkono uliolowa jasho. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nikamwonyesha miguu yake, nikaweka mkono moyoni. Akaitazama miguu yake, zile plasta, akacheka.

Tangu siku ile kisigino changu cha kushoto hakijagusa chini. Wamekinyoosha hospitalini, wamekikanda, wanasema mshipa umekaza, na daktari mmoja aliniuliza kama nilikuwa mchezaji. Fundi viatu wangu pale Daraja Mbili ananigongea tabaka za tairi chini ya kila kiatu cha kushoto. Nimeizoea hali hiyo. Nimekwenda nayo Nairobi mara kadhaa, na mwaka ambao binti yangu alipata masomo Ulaya nilikwenda nayo hadi kwenye ukumbi wenyewe wa balei, nikakaa kiti cha mbele kabisa, karibu na vishindo.

Kisichozoeleka ni jambo jingine. Kuna jioni, hasa Julai, naosha vyombo au nakunja nguo, na najikuta naendeleza mzunguko ule kichwani, nataka kujua aliumalizaje. Mzunguko huo unaniita, na mimi najua ulipo. Siku hizo namwambia Baba Neema aje akae nami sebuleni. Hapendi balei hata leo. Anakaa, analala, anakoroma, nami nasikiliza mkoromo wake mpaka hamu ipite.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, penda unachokipenda, kifuate hadi mwisho wa dunia, sitakuzuia. Ila ukikikuta mahali palipojificha, kimekamilika, hakichoki, hakikosei, na kinakwambia kipo kwa ajili yako peke yako, usiketi. Kigeuzie mgongo kingali kinazunguka.