Mwanamke wa Thika Aliyeingia Nyumbani Kwetu kwa Kompyuta

Enzi zetu kompyuta ilivaa nguo. Ya kwetu pale Ruiru ilikuwa na kitambaa cha kufunika kioo, kingine cha kibodi, na kingine chenye maua ya zambarau cha ile sipiyu iliyosimama chini ya meza. Mama ndiye aliyevifuma. Kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule kwa mashine, na uzi uliobaki haukutupwa, kwa hiyo kila kitu chenye pembe nne nyumbani mwetu kilivaa. Kabla ya kugusa kompyuta ulinawa mikono, ukaikausha, ukavua vitambaa, ukavikunja, ndipo ukaomba ruhusa. Watoto wa leo wanaoshika tableti wakiwa na uji hadi kwenye viwiko hawajui walichokosa.

Tulikuwa tukirudi shuleni tunacheza brikicho nyuma ya ploti mpaka tuitwe, tunakula ugali na mrenda, kisha mimi, Nasimiyu, na mdogo wangu Wafula tunagombania zamu ya kucheza karata kwenye ile mashine. Lakini haikununuliwa kwa ajili yetu. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha nguo Thika, na Jumapili aliongoza kwaya kanisani. Aliinunua ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu, akitaka kuandikia nyimbo na kuisikia ikiimba sauti zote nne bila kuchelewa mazoezini kama waimbaji wake.

Programu ya nota aliipata bure kwenye mtandao, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba alilelewa Bungoma, kwenye boma ambalo mtu akikuuliza jambo kwa upole humkatalii. Programu ilimuuliza kama anakubali masharti. Aliyasoma yote, Kiingereza kirefu kile, ametulia kama mtu anayesikiliza hotuba ya chifu, kisha akabofya kukubali. Ikamuuliza kama angependa pia msaidizi wa kumtafutia habari. Akakubali. Na wa kumwambia hali ya hewa? Akakubali. Na wa kuongeza kasi ya kompyuta? Huyo alimkubali kwa furaha, tena akasema asante, nilimsikia kwa masikio yangu.

Kila msaidizi alikuja na mstari wake wa vitufe, ule waliouita toolbar, akautandaza juu ya brauza na kukaa. Mmoja ulitupa hali ya hewa ya mji fulani wa Amerika, na tulijua kila siku kama huko kuna theluji. Mwingine ulijaa vichwa vya njano vinavyocheka. Ule wa kuongeza kasi ndio uliokuwa ukiilaza mashine. Mistari ilipangana hadi ukurasa wenyewe ukabakiwa na nafasi ndogo kule chini, na mimi nilisoma habari za mzunguko wa damu mistari miwili miwili. Hatukulalamika, kwa sababu tulidhani mtandao wa watu wote uko hivyo. Majirani wakija waliisifu, wakisema kompyuta yenye vitu vingi namna hiyo lazima iwe ya bei.

Jumamosi moja Mama alikaa kutafuta mtindo mpya wa sweta. Akiwa bado anasoma, dirisha dogo likaruka katikati ya kioo, na ndani yake mwanamke wa kizungu mwenye gauni ambalo fundi wake alichoka kabla ya kulimaliza. Kando yake paliandikwa kwamba anaitwa Jessica, yuko Thika, ana upweke, na anakungoja wewe.

Leo hata mtoto wa chekechea atakueleza kwamba tangazo la aina hiyo huangalia mtandao wako uko upande gani, likajaza jina la mji wa karibu. Sisi hakuna aliyetueleza. Tulichojua ni kwamba katika nyumba yetu mtu mmoja tu alikuwa akienda Thika kila asubuhi na kurudi jioni. Na wazungu Thika hawakuwa jambo la ajabu, mashamba ya mananasi yalikuwa nao tangu zamani.

Baba aliporudi kazini jioni, Mama hakungoja waingie chumbani. Baba alikuwa bado mlangoni, kiatu kimoja mkononi, sisi tumejipanga kwenye kochi.

"Baba Nasimiyu, Jessica wa Thika ni nani?"

Baba akasema hamjui Jessica yeyote. Akaonyeshwa. Akabofya ule msalaba wa kufunga dirisha, Jessica akaondoka, akarudi na mwenzake. Akafunga tena, wakaja watatu. Kadiri alivyobofya ndivyo walivyojaa, na Mama akamwambia aache tu, amechelewa kuwaficha.

Mama alipika, akapakua, akatulisha, lakini Baba hakusemeshwa. Chai yake ilikuja bila sukari na aliinywa vile vile. Kisha nikaona mkoba mkubwa kitandani, ule wa kwenda Bungoma Desemba, nayo haikuwa Desemba. Niliogopa sana. Darasani kwetu kulikuwa na watoto ambao mama zao walienda kusalimia nyumbani na hawakurudi.

Kwa watu wetu ugomvi wa namna hiyo hauachiwi wawili peke yao. Baba akampigia simu kaka yake, Baba Mkubwa, aliyekuwa na shamba la mahindi na ng'ombe wachache kule Kalimoni, na aliyekuwa mwalimu wa kwaya kama yeye. Akaja amevaa koti. Akapewa kiti kinachotazama kompyuta, akatangaza kwamba hawezi kuamua kesi bila kumwona huyo mwanamke. Basi tukaketi kumngoja. Mashine iliamka pole pole mno, mandazi yakaisha, chai ikaongezwa, na mwishowe Jessica akatokea na gauni lile lile. Baba Mkubwa alivaa miwani na kumtazama kwa muda mrefu kuliko kesi ilivyohitaji.

"Mimi nauliza kitu moja tu," akasema. "Mtu hawezi jua uko Thika kama hujamwambia. Huyu alijuaje?"

Baba alijikuna shingo. "Mimi niliulizwa tu kama nakubali," akajibu, "nikakubali."

Mama alisimama akaingia chumbani. Hukumu ikatolewa hakimu akipangusa makombo: Baba aombe msamaha mbele ya watu, na jogoo apelekwe kwa wakwe. Baba akakataa. Alikataa kwa sauti ya chini, akisema hawezi kuomba msamaha kwa sababu ya mtu asiyemjua. Tangu nizaliwe sikuwa nimemsikia akikataa kitu.

Jumapili iliyofuata tuliitwa Kalimoni ili Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, azungumze na Mama kama wanawake. Mama alikwenda na mkoba wake, akisema akitoka huko ataamua kama anarudi Ruiru au anapanda basi la Bungoma. Baba ndiye aliyeubeba, kwa sababu ulikuwa mzito.

Tulikula kuku, wakubwa wakazungumza mambo ya mvua. Ili kupoza hali ya hewa, Mama Mkubwa akamwita Mama waangalie picha za harusi ya mpwa wao kwenye kompyuta, iliyokaa kati ya magunia ya mahindi. Sasa, mashine hiyo nayo ilikuwa na programu ya nota. Baba alimpa kaka yake kwa flashi, na Baba Mkubwa akakubali kila alichoulizwa, maana walilelewa na mama mmoja. Mistari ya vitufe ilikuwa imejaa pale juu kama kwetu. Bibi harusi alikuwa hajamaliza kushuka kwenye gari Jessica aliporuka mbele yake.

Mama Mkubwa akasoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi kwenye Thika na upweke. Kisha akamgeukia mumewe. Mama alikuwa amesogea karibu na kioo, akilikagua lile gauni.

"Ni yeye," akasema. Halafu kwa upole wote: "Shemeji, nami nauliza kitu moja tu. Huyu alijuaje?"

Baba Mkubwa alifungua mdomo, akaufunga. "Kwani mimi..." akaanza. "Mimi niliulizwa tu, nikakubali."

Mama alicheka mpaka akaegemea gunia. Alicheka akafuta machozi kwa leso, akaanza upya, na Mama Mkubwa naye, aliyekuwa ameshikilia hasira, ikamponyoka. Mimi nililia kwa raha niliyosikia. Baba hakucheka. Aliuinua mkoba, akamuuliza Mama kama waende nyumbani, na Mama akasema twende.

Siku chache baadaye Baba alibeba kompyuta hadi kwa fundi mjini. Fundi akasema takataka zile haziondoki moja moja, atafomati mashine yote na kila kilichomo kitapotea. Nyimbo zote za kwaya zilikuwa humo. Mama akamsihi Baba azinakili kwanza. Baba aliogopa kwamba yule mwanamke atarudi na nyimbo, akamwambia fundi afute tu.

Siku hizi naishi Membley, na nyumba yetu haina kompyuta ya kufunikwa. Kila mtu ana simu yake, kila simu ina neno lake la siri. Wanangu wakisikia hadithi hii wanacheka, wanauliza kwa nini bibi yao hakuweka kizuizi cha matangazo. Nami nacheka nao. Jioni tukila, simu ya baba yao huwaka mezani, yeye huitazama, hutabasamu kidogo, huilaza kifudifudi. Mimi humpakulia mboga. Mama aliuliza mtu akiwa bado mlangoni na kiatu mkononi, watoto wakisikia, na ukoo mzima ukaja kunywa chai juu ya jibu. Mimi nimesoma kuliko Mama, na bado sijauliza.