Wazazi Wote wa Timbwani Walisema Ndiyo

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya msingi huko Timbwani, Likoni, na chaki ilikuwa imenichosha. Chuo kimoja cha ualimu kikatangaza nafasi ya mkufunzi. Sharti moja lilinikera: mwombaji awe amechapisha makala ya utafiti katika jarida la kitaaluma. Mimi nilikuwa sijawahi kuchapisha hata kadi ya harusi yangu. Lakini mwenye njaa hana miiko, nikajitangaza mtafiti.

Mada haikunisumbua. Shuleni kwetu tulikuwa na diski, kipande cha mbao chenye kitanzi cha kamba. Mtoto akisikika akisema Kiswahili huvishwa shingoni, na tangu hapo kazi yake ni kuwanyemelea wenzake apate wa kumvisha. Atakayekuwa nayo jioni huchapwa, na mchapaji nilikuwa mimi. Watoto wa Likoni, ambao bibi zao humsahihisha hata mtangazaji wa redio, walikuwa wakipigwa kwa kusema lugha ya kwao, na anayewapiga amenyonya lugha hiyo hiyo. Sikuona ajabu yoyote. Mswada wangu ulikusudia kuthibitisha kwamba diski huwafanya watoto wakipende Kiingereza, na kwamba wazazi wanaiunga mkono.

Utafiti niliufanya baada ya alasiri, nyumba hadi nyumba, nimejifunga tai kwenye joto lile. Maswali yalikuwa yangu. Je, mwanao anakipenda Kiingereza? Diski inamsaidia? Umeridhika na mwalimu? Anayeuliza ndiye mwalimu mwenyewe, amekaa juu ya mkeka wa mwenye nyumba na dafu lake mkononi. Kila mzazi alijibu, "Alhamdulillahi, mwalimu, kwema." Nami nikaandika ndiyo. Nilipofika nyumba ya mwisho nilikuwa siulizi tena, naandika tu huku nakunywa.

Uandishi wenyewe ulinitia kiburi. Sentensi zangu zilikuwa ndefu hata mimi mwenyewe nilipotea ndani yake. Kwenye marejeleo nilipanga vitabu ambavyo nilikuwa nimeona majalada yake maktaba, na vingine ambavyo hata majalada yake sikuyaona. Jarida, ambalo lilikuwa la ng'ambo, lilitaka nakala tatu zilizopigwa chapa, mistari iachane. Nikaupeleka mswada kwa mama mmoja aliyekuwa na kibanda cha mashine ya chapa karibu na kivuko. Aliupiga kwa siku tatu. Alipofika kwenye jedwali la majibu, aliinua kichwa.

"Hawa ni watu wa Timbwani hii hii?"

Nikamwambia ndiyo.

"Mimi huwapigia barua zao za mashtaka, mwalimu. Mpaka wa shamba hawajakubaliana, imamu hawajakubaliana, zamu ya bomba la maji ndiyo usiseme. Leo wote wamekubaliana juu ya Kiingereza?"

Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Akacheka kidogo, akarudi kwenye mashine yake. Nilikasirika njia nzima, na kesho yake nikautia mswada posta.

Miezi ikapita. Jibu lilipokuja, nililisoma nimesimama pale pale posta. Mhariri alisema makala ni nzuri na wangeichapa, ila msomaji wao mmoja, wa kukagua makala, ana swali dogo. Je, hakukuwa na mzazi hata mmoja aliyekataa? Kama alikuwapo, alihesabiwa wapi? Mwisho wa kupokea maombi ya chuo ulikuwa karibu sana, kwa hiyo swali dogo lile ndilo lililokuwa limesimama baina yangu na ukufunzi.

Nikaona dawa ni kutafuta "la" moja. "La" moja ya heshima, ya kupamba jedwali. Nikamkumbuka mama mmoja msuka makuti, ambaye binti yake nilikuwa nikimfundisha darasa la sita. Muhula uliopita binti huyo alikuwa ameacha kuja, nami nikaandika kwenye rejista kwamba amehama, kwa sababu ndilo neno fupi zaidi.

Nilimkuta mama amekaa barazani na makuti yake, na binti ambaye nilimwandika amehama anafua uani. Tuliamkiana, nikaletewa maji. Nikamwuliza upya maswali yangu, akajibu, "Kwema." Nikamwomba, wallahi nilimwomba, aseme hata mara moja kwamba hakuridhika. Akayaweka makuti chini.

"Yule alianza kunyamaa huko shuleni asije akavishwa ule ubao," alisema. "Kutwa hasemi. Halafu ikawa na hapa nyumbani hasemi. Ukimwuliza wataka chai, yuwatikisa kichwa. Mwisho akakataa kwenda. Sikumlazimisha."

"Mbona hukuniambia nilipokuja kukuuliza, mama?"

"Hukuniuliza, mwalimu." Hakuwa na ukali wowote. "Ulikuja kwangu, ukakaa kitako, ukasema mtoto aendeleaje, masomo mema, mwalimu mwema. Hiyo ni salamu. Na salamu hujibiwa kwema. Hata mgonjwa aliye kitandani, ukimwamkia, husema hajambo kwanza."

Niliondoka nimefadhaika. Nilikuwa nimezunguka Timbwani nzima nikiamkia watu, nikahesabu maitikio yao, nikayaita matokeo. Nilijua la kumwandikia mhariri. Nilijua pia kwamba nikiliandika, makala imekufa, na mimi nitazeeka na chaki. Nikaketi nikaandika kwamba hakuna mzazi aliyekataa, na kwamba umoja huo wa maoni ni dalili ya imani ya jamii kwa walimu wake. Mhariri aliisifu sentensi hiyo.

Kazi niliipata. Kwa miaka mingi nimewafundisha walimu wachanga namna ya kufanya utafiti. Siku ya kuhama Likoni nilikutana na yule mama kwenye foleni ya feri, binti yake yuko ubavuni amebeba kikapu, macho chini. Mama alinishika mkono kwa furaha.

"Mashallah, mwalimu, nasikia maneno yetu yamepigwa chapa Ulaya. Na huyu mwanangu ulimwandika?"

"Nilimwandika, mama."

Akanishukuru, akaniombea dua pale pale. Wala sikumdanganya. Binti yake yumo kwenye jedwali la kwanza, amehesabiwa pamoja na wanaokipenda Kiingereza.